Karata Bila Kamari: Jinsi ya Kuanzisha Meza ya Briji Kasoli

Msimu wa pamba ukishapita, mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) ikafungwa na malipo yakaingia, jioni za Kasoli, hapa Usukumani, huwa ndefu. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba jembe linapumzika, na penye kivuli hapakosi karata. Wachezaji tunao, tena hodari: wanakumbuka karata zilizokwisha toka, wanajua wakati wa kukata kwa turufu na wakati wa kujizuia. Ila michezo mingi tunayoicheza mtu huimaliza upesi. Ukishaizoea, kinachobaki ni bahati ya mgao. Bahati ikishakuwa mwamuzi, mchezo hupoa, na watu huuchangamsha kwa kuweka pesa. Hapo ndipo karata zinapopata jina baya, na mzee anapomwona kijana na pakiti mfukoni humhesabu mvivu.

Upo mchezo wa karata unaochezwa kwa pakiti ileile ya dukani, hauhitaji hata shilingi mezani, na mtu aliyeucheza kwa miaka 40 bado anajifunza. Unaitwa briji. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeijua karata lakini hujawahi kukaa kwenye meza ya briji. Ukiufuata hatua kwa hatua, watu wanne mnaweza kuanza kucheza jioni moja, na baada ya wiki chache mkawa mnashindana kwa haki na meza nyingine.

Faida utakazozipata

Ya kwanza ni mwenza. Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako huketi mkabala nawe. Huoni karata zake wala yeye haoni zako, na hamruhusiwi kuambizana. Mnachoruhusiwa ni kutaja dau kwa zamu na kucheza karata kwa zamu. Kwa njia hizo mbili finyu mnatakiwa kuelewana mna nini na mnaweza kufika wapi. Wachezaji wazuri hawajisifu kwa kupata karata kubwa. Hujisifu kwa kuelewana. Utamu wenyewe wa briji uko hapo, na ndiyo sababu marafiki wengine hucheza pamoja nusu ya umri wao.

Ya pili ni kwamba bahati inaweza kuondolewa. Karata zilezile mlizogawiwa ninyi zinaweza kupelekwa meza ya pili zikachezwa na watu wengine, kisha matokeo yakalinganishwa. Hapo huna pa kulalamikia mgao. Nitaeleza mbele namna ya kulifanya hilo kwa bahasha za kaki.

Ya tatu ni kwamba mchezo hauishi. Mkono mmoja wa karata 13 unaweza kuwa wa namna 635,013,559,600. Hutaurudia ule wa jana hata uishi miaka mia. Briji imewavuta watu wa kila namna: Omar Sharif, mwigizaji wa Misri, aliichezea nchi yake katika mashindano ya dunia ya mwaka 1964 na akaandika makala za briji magazetini kwa miaka mingi. Deng Xiaoping, kiongozi wa China, aliicheza hadi uzeeni. Tajiri wa Marekani Warren Buffett ameicheza kwa miaka mingi.

Ya nne inawahusu wazee. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa mjini New York waliokuwa na zaidi ya miaka 75. Waliokuwa na mazoea ya kusoma, kucheza michezo ya mezani, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walionekana kupatwa kidogo na maradhi ya kupoteza kumbukumbu kuliko wenzao. Utafiti huo haukusema kwamba karata ni dawa. Lakini babu anayehesabu turufu jioni, huku mjukuu wake akimwandikia pointi, hapotezi muda.

Mchezo ulitoka wapi

Mama yake briji ni mchezo wa Kiingereza uitwao whist, ambao nao ulikuwa wa watu wanne na turufu. Briji ya sasa ilipata sura yake mwaka 1925, pale Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama, alipoijaribu na abiria wenzake namna mpya ya kuhesabu pointi. Namna hiyo ilienea upesi duniani. Huku Afrika Mashariki, enzi za ukoloni, ilichezwa zaidi kwenye klabu za maofisa na walowezi, na ndiyo sababu wengi huidhania kuwa ni ya watu wa mjini wenye viyoyozi. Leo Kenya ina chama chake cha briji, lipo Shirikisho la Briji la Afrika, na Shirikisho la Dunia lilianzishwa mwaka 1958. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua briji kuwa mchezo mwaka 1999, na mwaka 2018 ilikuwamo kwenye Michezo ya Asia kule Jakarta. Sheria inayotumika huko ndiyo utakayoitumia wewe mkekani.

Vitu vya kuandaa

Pakiti moja ya karata 52. Majoka mawili yatoe uyaweke pembeni, hayana kazi. Ukiweza kupata pakiti mbili zenye migongo tofauti ni bora, maana moja inagawiwa huku nyingine ikichanganywa. Daftari na kalamu. Meza au mkeka. Taa, kama mtacheza baada ya saa moja usiku. Hayo yametosha.

Ketini kwa dira: Kaskazini na Kusini ni wenza, Mashariki na Magharibi ni wenza. Kila mtu apewe jina la upande wake, kwa sababu daftari litaandikwa hivyo. Mgawaji hugawa karata moja moja kwa mwendo wa saa, akianzia kushoto kwake, mpaka kila mtu awe na 13. Mgao unaofuata, zamu ya kugawa inahamia kushoto.

Ukubwa wa karata ni huu, kutoka juu kwenda chini: Ree (A), Mfalme (K), Malkia (Q), Ghulamu au Jeki (J), kisha 10 hadi 2. Kama kwenu saba hupewa cheo kikubwa kama katika karata za pwani, isahau hapa. Saba ni saba tu.

Hatua ya kwanza: kula mizunguko

Anza na lile unalolijua tayari. Mtu mmoja anatupa karata, wengine watatu wanafuata kwa mwendo wa saa. Ukiwa na karata ya aina iliyoanzishwa, lazima uifuate. Ukiwa huna, unaweza kukata kwa turufu au kutupa yoyote. Karata kubwa ya aina iliyoanzishwa ndiyo inayokula, isipokuwa pametokea turufu. Hapo turufu kubwa ndiyo inayokula. Aliyekula ndiye anayeanza mzunguko unaofuata.

Karata zenyewe hazina thamani baada ya kuliwa. Kinachohesabiwa ni idadi ya mizunguko, nayo ni 13 kwa kila mgao. Hili ndilo linalowachanganya wengi mwanzoni: kula mzunguko wenye Ree mbili ni sawa kabisa na kula mzunguko wa vikaratasi vya mbili na tatu. Kwa hiyo usihangaikie kuokoa karata kubwa. Hangaikia idadi.

Hatua ya pili: pointi

Ukishapanga karata mkononi, hesabu: Ree ni 4, Mfalme 3, Malkia 2, Ghulamu 1. Pakiti nzima ina pointi 40, kwa hiyo wastani wa mtu mmoja ni 10. Wewe na mwenzako mkiwa na 25 kwa pamoja, mna nguvu ya kutafuta ushindi mkubwa. Mkiwa na 33, mnaweza kufikiria kula mizunguko 12 kati ya 13.

Mkishakubaliana turufu na mnazo za kutosha, ongeza kidogo kwa ajili ya aina ulizo nazo chache: pointi 1 kwa aina yenye karata mbili, 2 kwa yenye moja, 3 kwa aina usiyokuwa nayo kabisa. Sababu ni kwamba aina hiyo itakuishia mapema uanze kukata.

Hatua ya tatu: briji ndogo

Usianze na mnada. Wiki ya kwanza chezeni briji ndogo, ambayo walimu wengi huwafundishia wanafunzi wapya. Baada ya kugawa, kila mtu anataja pointi zake kwa sauti, kuanzia kwa mgawaji. Pande mbili zikitoka 20 kwa 20, changanyeni upya. Vinginevyo upande wenye pointi nyingi ndio wenye mchezo, na kati ya wawili hao mwenye nyingi zaidi ndiye mwenye mkataba. Mwenzake analaza karata zake zote mezani, zikiwa zimepangwa kwa aina, kila mtu azione.

Mwenye mkataba anaangalia karata 26 za upande wake, halafu anatamka mambo mawili: turufu itakuwa nini, au hakuna turufu, na kama anataka ushindi mdogo au mkubwa. Ushindi mdogo ni kula mizunguko 7 au zaidi. Ushindi mkubwa ni 9 bila turufu, au 10 kama turufu ni shupaza au kopa, au 11 kama turufu ni uru au pao. Kisha aliye kushoto kwake anatupa karata ya kwanza. Mwenye mkataba ndiye anayecheza mikono yote miwili, wake na ule wa mezani. Mwenzake anatulia.

Ni desturi ya briji kumshukuru mwenzako anapolaza karata, hata kama ni mbovu. Hapa Usukumani neno tunalo: mwambie "Wabeja," kisha nyamaza ufikiri. Kununa mbele ya karata za mwenzako huwaambia wapinzani kwamba una shida.

Hatua ya nne: mnada

Mkizoea, acheni kutaja pointi na mwanzishe mnada wenyewe. Aliyewahi kusimama kwenye mnada wa ng'ombe anaujua mwendo wake: kila anayefuata hupanda dau, na anayetaja bei ya mwisho ndiye anayelazimika kuilipa.

Dau lina sehemu mbili, namba na aina. Namba ni mizunguko unayoahidi juu ya sita. "Moja kopa" maana yake tutakula mizunguko 7, turufu ikiwa kopa. "Nne shupaza" ni mizunguko 10. Kwa cheo, pao ndiyo ya chini, juu yake uru, halafu kopa, halafu shupaza, na "bila turufu" iko juu ya zote. Anayetaka kupanda lazima ataje aina ya juu zaidi kwa namba ileile, au namba kubwa zaidi. Madau yote yanayowezekana ni 35. Asiyetaka kutaja anasema "pasi". Wakisema pasi watatu mfululizo baada ya dau, mnada umefungwa. Ukiona wapinzani wamejipandisha wasikofika, sema "dabo", na hasara yao itaongezeka.

Kwa kuanzia, kubalianeni na mwenzako haya tu:

Fungua mnada ukiwa na pointi 12 au zaidi. Taja aina uliyo nayo nyingi. Kopa au shupaza usifungue mpaka uwe nazo tano.

Ukiwa na pointi 15 hadi 17, na karata zako zimegawanyika vizuri bila aina iliyokosekana wala yenye karata moja, fungua "moja bila turufu".

Mwenzako akifungua nawe una pointi chini ya 6, sema pasi. Ukiwa na 6 au zaidi, jibu.

Amefungua kopa au shupaza, nawe unazo angalau tatu? Mpandishe. Pointi 6 hadi 9, nenda "mbili". 10 hadi 12, nenda "tatu", ukimwalika aende "nne" kama ana ziada. 13 na kuendelea, nenda "nne" mwenyewe.

Hayo yakiwakaa vichwani ongezeni mengine. Kosa la wanaoanza ni kukariri kanuni ishirini kabla hawajacheza migao ishirini.

Mgao mmoja kwa karibu

Tuuchukue mgao mmoja tuufuate hadi mwisho. Wewe ni Kusini, umegawiwa:

Shupaza: A 6
Kopa: K Q J 8 4
Uru: A 7 3
Pao: 9 6 2

Hizo ni pointi 14, na kopa tano. Unafungua "moja kopa". Magharibi anasema pasi. Mwenzako Kaskazini ana:

Shupaza: 8 5 3
Kopa: A 7 5 3
Uru: 8 5
Pao: A Q 7 4

Ana pointi 10, na kwa kuwa ana kopa nne anajiongezea 1 kwa ajili ya uru mbili. Anasema "tatu kopa". Wewe nawe unajiongezea 1 kwa shupaza mbili, unakuwa na 15. Ukijumlisha na zake mmevuka 25. Unasema "nne kopa" na wote wanapasi. Sasa una deni la mizunguko 10.

Magharibi anatupa Mfalme wa shupaza. Kaskazini analaza karata. Usiguse kitu kwanza. Hesabu mizunguko ya uhakika: shupaza 1, kopa 5, uru 1, pao 1. Jumla 8. Unahitaji miwili zaidi, na lazima ujue itatoka wapi kabla hujacheza karata ya kwanza.

Wa tisa utatoka kwenye uru. Mezani uru ni mbili tu. Utacheza Ree ya uru, utaipoteza ya pili, na ya tatu utaikata kwa kopa ya mezani.

Wa kumi utatoka kwenye pao, na hapa ndipo pana mtego. Mezani kuna A na Q, lakini Mfalme yuko kwa wapinzani. Ukitoa Ree kisha Malkia, Malkia ataliwa na Mfalme. Badala yake, toa pao ndogo mkononi mwako kuelekea mezani. Magharibi atacheza kabla ya meza. Kama Mfalme yuko kwake, amekwama: akimtoa, unamla kwa Ree na Malkia anakuwa mkubwa, akimficha, unaweka Malkia naye anakula. Mfalme akiwa kwa Mashariki, mtego umekosa na utapungukiwa na mzunguko mmoja.

Kwa hiyo unacheza hivi. Unakula kwa Ree ya shupaza. Unatoa kopa mara mbili; wapinzani walikuwa na kopa nne, zikigawanyika mbili kwa mbili zimekwisha, na mezani bado zipo mbili za kukatia. Kisha uru, kama tulivyosema. Kisha pao ndogo kuelekea mezani. Magharibi anaweka ndogo, unaweka Malkia, Mashariki hana cha kumlia. Unapoteza shupaza moja, uru moja na pao moja. Mizunguko 10 imetimia.

Je, hiyo ilikuwa bahati tu? Safari hii, nusu kwa nusu. Lakini upande wenu una pointi 24 bila zile nyongeza, kwa hiyo wapinzani wana 16 tu kwa pamoja. Kama Magharibi ndiye angefungua mnada, angekuwa ametangaza 12 au zaidi, na Mashariki angebaki na 4 kwa wingi sana. Hapo ungeuweka mtego wako ukiwa na imani kubwa. Anayesikiliza mnada huona karata ambazo hazijafunguliwa, na ukianza kuziona namna hiyo umekwisha kuwa mchezaji wa briji.

Kuandika pointi

Kwa miezi ya mwanzo tumieni hesabu hii rahisi. Kila mzunguko juu ya sita, pao na uru ni pointi 20. Kopa na shupaza 30. Bila turufu, wa kwanza ni 40 na inayofuata ni 30 kila mmoja. Mkataba mliotaja ukifika 100, ongezeni zawadi ya 300. Usipofika 100, zawadi ni 50. Mkipungukiwa, wapinzani wanapata 50 kwa kila mzunguko uliopungua.

Mkataba wetu wa nne kopa umeleta 120 na 300, yaani 420. Kama mngebaki kwenye "tatu kopa" mkala mizunguko 10 ileile, mngepata 120 na 50, yaani 170. Mizunguko ni ileile. Kilichotofautiana ni kuelewana mnadani.

Mashindano ya meza mbili

Mkifika watu wanane, mmefika mahali patamu. Jigaweni makundi mawili ya watu wanne. Kundi moja lijiite Bagika na lingine Bagalu, kama vyama viwili vya ngoma vya Usukumani. Wawili wa Bagika wakae Kaskazini na Kusini kwenye meza ya kwanza, na wawili waliobaki wakae Mashariki na Magharibi kwenye meza ya pili. Bagalu wajaze nafasi zilizobaki.

Wakati wa kucheza, karata zisichanganywe katikati. Kila mtu aweke karata yake mbele yake mwenyewe, na mzunguko ukiisha aifunike: ikisimama wima, upande wake umekula, ikilala kwa ubavu, umeliwa. Mgao ukiisha, kila mmoja anakusanya karata zake 13 na kuzitia kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa upande wake. Bahasha nne zinapelekwa meza ya pili, na karata zilezile zinachezwa tena. Meza zikae mbali kiasi cha kutosikilizana.

Baada ya migao minane mnalinganisha madaftari. Kusini wa Bagika alipata 420, Kusini wa Bagalu kwa karata hizohizo akapata 170: Bagika wanaongoza kwa 250. Hakuna wa kusema alipewa karata mbaya.

Adabu za meza

Kukonyezana, kukohoa kwa maana, kugonga kidole mezani: kwenye karata za kijiweni mengine huhesabiwa kuwa ujanja, kwenye briji ni wizi. Hata kutaja dau kwa sauti ya unyonge ili mwenzako ajue una wasiwasi hakuruhusiwi. Makubaliano yenu yawe wazi, na mpinzani akiuliza "Dau hilo kwenu lina maana gani?" mwenzako aliyetaja anyamaze, wewe ujibu kweli.

Usimkaripie mwenzako mbele ya watu. Makosa yaandikeni pembeni ya daftari, myajadili mgao ukiisha au mkiwa njiani kurudi nyumbani. Wenza wengi wameachana kwa ulimi, wachache kwa karata.

Na pesa zisiwepo. Michezo ya kubahatisha nchini ina sheria yake ya mwaka 2003, na inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hata pasingekuwa na sheria, pesa huharibu briji, kwa sababu mtu mwenye hofu ya kupoteza hathubutu kujaribu mtego wala kumwamini mwenzake. Mkitaka zawadi, washindwa wanunue chai. Chagueni pia saa inayojulikana, tuseme Jumamosi baada ya kazi, na mahali pa wazi ambapo mama, mwalimu au mzee anaweza kukaa akacheza bila kuonewa haya. Kijiwe cha wanaume watupu huchelewa kuaminiwa na kijiji.

Mkikwama

Mko watatu? Gaweni mikono minne, wa nne ulazwe wazi, mfanye mazoezi ya kuhesabu mizunguko. Uko peke yako na una simu yenye bando? Tovuti ya Bridge Base Online, iliyoanza mwaka 2001, inakuruhusu kujisajili bure na kutazama mabingwa wakicheza; tazama mnada wao tu, kisha bashiri nani ana nini kabla karata hazijafunguliwa. Mmoja wenu ana hasira za kushindwa? Mpeni mwenza mpole, na mbadilishane wenza kila wiki mpaka kila mtu ampate anayeelewana naye.

Usisubiri mtaalamu aje kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Jumamosi hii tafuta watatu, toa majoka kwenye pakiti, gawa 13 kwa kila mmoja na mtaje pointi kwa sauti. Chezeni migao sita ya briji ndogo, na katika kila mgao mwenye mkataba ahesabu mizunguko yake ya uhakika kwa sauti kabla ya kugusa karata. Jumamosi ya pili fanyeni vivyo hivyo. Ya tatu, fungueni mnada.